Daktari Tak Gyu-won, Aliyebaki Peke Yake

Mwaka umetimia, Baba Sol, tangu ulipotutoka nyumbani kwa mama yako, asubuhi ya theluji nyepesi.

Ulikuwa fundi wa mioyo midogo. Kichanga cha siku moja, moyo haufiki ndimu, wewe uliufungua, ukaziba tundu, ukauacha unapiga. Nyumbani nako mikono haikutulia. Ukimenya pea, ganda lilitoka zima. Ukikaa kutazama mpira, uzi wa kushonea uko vidoleni, unafunga mafundo na kuyafungua.

Daktari Pyo, mwenzako wa upasuaji, alipohamia Seoul, ukabaki fundi pekee wa mioyo hiyo mkoa mzima. Ulicheka: "Sasa mimi ndiye mfalme." Mfalme gani asiyeweza kuvuka daraja la mji wake? Wodi ingeweza kukuita saa yoyote, hivyo mwisho wa safari zako ulikuwa duka la supu chini ya kilima cha hospitali. Sikukuu ya mavuno tulikwenda kufyeka nyasi za kaburi la baba yako, kama ilivyo desturi, bila wewe, na mama yako akakupigia: "Hao watoto wote wana mama zao. Mtoto wangu mimi yuko wapi?" Ukamwuliza kama amekula.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoisha, ulikubali kuondoka. Hospitali ya Seoul ilikungoja, maboksi yalijaa sebuleni, na hatufichi, tulifurahi. Ndipo akaletwa binti mchanga wa familia ya Ki, kazaliwa mishipa mikuu ya moyo imepishana, midomo ya buluu. Asingefika Seoul akiwa hai.

"Huyu wa mwisho," ulisema.

Kesho yake ulirudi, ukakaa juu ya boksi na koti lako mwilini.

"Amepona?" Mama Sol akauliza.

"Anapumua."

"Na sisi? Tunaondoka?"

"Mwambie mwenye lori asije. Nikienda, atakayefuata atapasuliwa na nani?"

"Baba Sol, mioyo ya watoto wa watu unaifungua. Huu wangu umeupiga kufuli!"

Ulifungua maboksi, ukavirudisha vyombo kabatini, bakuli moja moja.

Saratani ya kongosho ilipokuangusha, walikulaza hospitali ile ile. Vichanga vikawa vinakimbizwa Seoul kwa ambulensi, na si vyote vilivyofika. Ulijua. Kila king'ora kilipolia ulijaribu kuinuka, mipira ya dawa ikakurudisha kitandani.

"Nani yuko zamu?" ulimwuliza Mama Sol siku moja.

"Hakuna." Hakukuficha. "Na wewe kijiko kinakushinda. Leo nakupeleka kwa mama yako."

Uliitazama mikono yako, ukaitazama tena. "Haya. Twende."

Tulipokuwa juu ya daraja, simu yako ikalia. Ilikuwa wodi ya watoto. Muuguzi mpya, hakujua hali yako. Sol akaishika.

"Baba, niseme nini?"

Machozi yalikuwa yanakutoka. "Waambie sipo."

Sol akawaambia. Ukageukia dirishani, ukatazama mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, njia nzima, bila kuuachia mkono wa Mama Sol.

Nafasi yako hospitalini bado haijapata mtu.

Unakumbukwa na mkeo Seon Mi-rang, binti yako Sol, mama yako Ok Bun-nam, na kaka yako Gyu-il, anayefyeka sasa makaburi mawili.

Pumzika, Baba Sol. Sisi kukusahau hatuwezi.