Ndiyo ya Papa

Jumatano, 10 Juni 1998

Papa mwenye kunizaa amerudi. Walimushusha ku minibus kama gunia ya chisense, samaki ndogo ya kukausha. Mukono wa kuume unaning'inia, muguu wa kuume anaukokota. Alianguka kule Lusaka, pale soko, akiuzisha samaki. Papa mudogo Fabien, ndugu yake mudogo, alikuwa naye. Saa ile ile akamukimbiza ku kliniki yenye iko na machine ya kupiga picha ya kichwa. Mama alimupigia magoti papa mudogo, akapiga mikono, vile wanashukuru kwao Wabemba. Na mimi nikasema mu roho: huyu njo mutu.

Mu kinywa ya papa kumebaki neno moja tu. Ndiyo.

Ijumaa, 12 Juni

Leo tulicheka, Mungu atusamehe. Nilimuuliza: papa, chai iko moto? Ndiyo. Iko baridi? Ndiyo. Papa mudogo akaingilia: kaka, wewe ni gouverneur? Ndiyo! Papa mwenyewe alicheka, upande mumoja wa kinywa. Papa mudogo akanigonga na kiwiko: "Coco, kaka yangu amekuwa mutu wa rahisi sasa. Hata bateau, ile mashua yake, ukimuomba, atakupa."

Ni papa mudogo tu ananichekeshaka. Ku masomo sisemi kitu. Wananiita Bubu.

Jumatatu, 15 Juni

Ku hospitali na papa mudogo. Mimi njo mutafsiri: français ya Kilwa, ng'ambo ya ziwa, kwenye nilianza masomo, na kizungu ya Zambia, ya huku Nchelenge. Papa mudogo kizungu ya Zambia hajui.

Docteur Mubanga aliinua ile picha ku dirisha. Kichwa ya papa, imekatwa vipande-vipande kama mukate. Akasema ni safi, damu haikumwagika mu ubongo. Nikatafsiri: picha haina kitu. Docteur alikuwa angali anasema — papa mudogo akasimama, akakunja picha chini ya kwapa. "Inatosha. Merci, docteur."

Ningesema ngoja. Haya ilinishika.

Jumapili, 21 Juni

Conseil ya famille, kikao ya ukoo. Mzee Stéphane, mukubwa wa ukoo ya papa, alivuka ziwa toka Kilwa.

Papa mudogo alitundika picha ku mulango, jua ikapita ndani yake. Akasema: machine imeangalia kichwa yote, ugonjwa hakuna. Mutu hana ugonjwa na haamuke? Basi wamemufunga na uchawi. Na ni nani analalaka naye? Akaniita. "Coco, docteur alisema nini?"

Nikasema, sauti ya panya: picha haina kitu.

Wakaguna wote. Papa mudogo akapiga magoti mbele ya papa, polepole, kama mutu wa kanisa. "Kaka, ni muke wako Rosaria mwenye alikufunga?"

Ndiyo.

Mama hakulia. Hakumuangalia Fabien. Aliniangalia mimi.

Papa mudogo alijua! Ile siku ya chai alicheka pamoja na mimi, alijua ndiyo ya papa ni ya kila kitu.

Jumapili ijayo wanakata maneno. Wakimuhukumu, mama anarudi Kafutuma, kwao, mikono mitupu. Siye watoto tunabaki ku ukoo ya papa. Bateau na moteur, Fabien "ataangalia".

Jumatano, 24 Juni

Nilirudi kwa docteur, peke yangu. Nilisimama ku mulango mpaka mulinzi akaniuliza kama nimepotea.

Docteur aliniambia ile yenye tulikataa kusikia. Mushipa haukupasuka, uliziba. Damu haikupita, kipande ya ubongo ikakufa kiu. Lakini picha walipiga mbio sana, mapema. "Wewe ni mutoto wa ziwa," akasema. "Samaki mwenye ametoka mu wavu sasa hivi, amekufa. Utamujua kwa macho?" Nikasema hapana, anafanana muzima. "Njo vile. Kesho yake wangepiga tena, wangeona."

Anasema kule Ulaya wanatafuta machine zenye kuonyesha damu yenyewe, fasi inapita na fasi haipite, hata ile saa ya kwanza. Na kuko dawa mupya ya kuyeyusha kile kizibo, mutu akifika mapema. Aliisoma tu. Hajaishika na mukono.

Na ile ndiyo? Kipande ya maneno njo imekufa. Si jibu.

Nikamuomba aje Jumapili. Anaenda Chienge, kazi. "Sema wewe. Si wewe mutafsiri?"

Alhamisi, 25 Juni

Nilimwambia mama. "Mwana wandi, ulinyamaza pale watu walikuwa wanasikia."

Nilimwambia Fabien, nyuma ya jiko. Hakukasirika. Alinishika bega, vile vile kama zamani. "Samaki, Coco? Utawaambia wazee ya samaki?" Akacheka. Kisha, sauti ya chini: "Bateau inaomba mwanaume, si mama yako."

Jumamosi, 27 Juni

Fabien sitamuita tena papa mudogo.

Jumapili, 28 Juni

Wazee wamekaa inje. Niliwaambia ya mushipa, ya samaki, yote. Mzee Stéphane akauliza: docteur mwenyewe iko wapi? Nikasema: iko Chienge, kazi. Fabien akasema, mutoto anamupenda mama yake, ni kawaida. Walicheka kidogo. Sasa wanaomba papa aletwe, arudilie ile ndiyo mbele yao.

Nimemuvalisha shati nyeupe. Ninaandika juu ya goti, yeye ananiangalia.

Nimemwambia kila kitu. Papa, nitakuuliza mbele ya wote: ni Fabien alikufunga? Utasema ndiyo. Nitauliza: ni mzee Stéphane? Ni mimi, Coco? Wataona. Lakini watakuona na wewe, papa — mutu wa bateau, mutu mwenye walikuwa wanasikia mpaka Kilwa — watajua ndani hakubakie neno. Watacheka. Mimi njo nitawachekesha.

Utanisamehe?

"Ndiyo."

Nimeangalia upande wa uso wenye ungali muzima. Nimeangalia sana.

Fabien anaita. "Coco! Leta kaka yangu."

Papa ameweka mukono wake muzuri ku bega yangu, anajaribu kusimama