Kidole Gumba cha Bertin

Likasi, Jumapili baada ya misa

Mpendwa mdogo wangu Clotilde,

Nakusalimu wewe, shemeji Casimir na watoto wote huko Kolwezi. Mmeamkaje? Sisi huku tunaendelea vizuri, ila umeme unakuja pale unapotaka.

Nimepata ujumbe wako kuhusu albamu yangu ya pili. Unasema ile ya kwanza, mimi na gitaa peke yetu, ilikuwa kama nimeketi nyumbani kwako. Hii ina vyombo vingi mno, na unauliza kama sasa nimeajiriwa na fanfare ya matarumbeta ya arusi. Mke wangu Marlène alicheka hadi akaweka sufuria chini. Lakini uliuliza pia kama nalionea aibu gitaa alilotuachia baba, na hilo limeniuma. Niruhusu nikueleze, unajua ninavyopenda kueleza.

Katika upigaji wetu wa hapa Katanga, kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, na cha shahada kinaimba kwenye nyembamba. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika kama wawili. Sasa sikiliza tena wimbo wangu wa ziwa Tshangalele. Besi ni ya jirani yetu Bertin: anapiga yale yale ya gumba langu. Sauti za juu ni za Josée na wamama wenzake wa kwaya. Wanafuata njia ya kidole changu cha shahada, niliyowafundisha kwa mdomo, taratibu, mpaka ikawaingia. Anayegonga chupa ya Fanta ni Marlène, pale kucha yangu ilipokuwa ikigonga ubao wa gitaa. Sikuongeza kitu, mdogo wangu. Niligawa tu kilichokuwepo.

Niligawa kwa sababu mkono wangu wa kulia ulikufa kiangazi kilichopita. Niliamka nikaukuta mzito, kama wa mtu mwingine. Nilikuficha, nisikutie hofu. Daktari anasema mengine yote ni mazima, lakini vidole havitarudi. Nilitaka kunyamaza kabisa. Bertin alikuja, akavuta kiti, akasema, "Vieux, mzee wangu, weye uimbe tu. Kidole yako, miye niko."

Basi niliimba, mikono juu ya magoti, na sijawahi kumshukuru Mungu kwa watu kama siku ile.

Mwandiko huu ni wa Marlène, anakusalimu sana. Wakumbatie watoto. Jina hapa chini nimeliandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Usicheke.

Kaka yako,
Adolphe