Mwenye Sauti ni Mama

Kambini, msituni, Malaysia

Mama Ghati mke wangu,

Salamu hizi zikukute umekaa na wanetu, hakuna anayeumwa, na mvua imewatosha hapo Nyambureti. Mimi ni mzima, nimekonda tu. Huku ni wali asubuhi, wali jioni, na tukitoka msituni tunakaa kubanduana ruba miguuni. Ugali nauota.

Barua yako nimeipata, na mwandiko ni wako mwenyewe! Nimeizungusha kambi nzima nikiwaonyesha, ingawa anayejua Kiswahili ni yule mama mtafiti peke yake, niliyekuwa naye Serengeti kwenye kazi ya nyani. Usiache darasa la watu wazima hata kidogo.

Lakini habari uliyoandika imeninyima raha. Kwamba baba amenichumbia binti wa Kemambo, na ng'ombe watatoka mavuno yakiisha, kwa kuwa tuna wasichana watupu na nyumba isiyo na mtoto wa kiume haina sauti. Halafu wewe unasema huna neno. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, Mama Ghati, na imeniuma.

Kabla sijajibu, nirekebishe jambo. Nilimwandikia baba kuhusu giboni, wanyama tunaowafuata huku, kwamba kila alfajiri mwenye mji hupanda mti mrefu akajisifu mpaka msitu unanyamaza. Nasikia aliisomesha barua ile kwenye pombe, wazee wakafurahi, "Mura huyo, mwanamume hasa! Hata wanyama wa huko wanajua kujigamba!" Basi nilikosea. Kwetu anayepaza sauti ngomani ni mwanamume, kwa hiyo niliposikia sauti kubwa nikampa dume bila kuuliza. Hasani, mwenyeji tunayetembea naye, alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo ni mama," akaniambia kwa lugha yao ambayo sasa naiokotaokota. "Baba ni yule anayeitikia."

Ungewaona ungewapenda. Giboni si nyani. Hana mkia, na mikono yake ni mirefu kuliko miguu. Anajirusha kwa mikono kutoka tawi hadi tawi, juu kabisa, na moyo wako unasimama kwa niaba yake. Mama mtafiti anasema ni wa ukoo wa sokwe, ule ambao na sisi tumo, ila wao walijitenga zamani mno, wakabaki wepesi, mikono ikarefuka kwa kuwa matunda wanayoyapenda yako kwenye ncha za matawi. Hayo usimwambie katekista. Wanaanguka pia, na kuna wazee wenye mifupa iliyovunjika ikaunga vibaya, lakini kesho yake wako juu. Wanaishi mume, mke na watoto, na kila mji una mipaka yake. Wimbo wa asubuhi ndio boma lao.

Sasa sikiliza. Familia tunayoifuata ina mtoto mmoja tu, wa kike, anakaribia kukua. Juzi dume liliteleza kwenye tawi bovu, likaumia bega. Asubuhi iliyofuata majirani walikuwa wameshavuka mpaka, wako kwenye mkuyu wa familia hii wanakula. Dume lilijaribu kupanda likashindwa, likabaki chini limeshika mkono. Nikamwambia Hasani, "Mji umekwisha huu. Hakuna hata kijana wa kiume wa kuwasaidia."

Hasani akanionyesha juu kwa kidole. Yule mama akapanda kileleni akaanza. Sauti yake inaanza chini, inapanda polepole, inapanda tena, mpaka unahisi mbavu zinatetemeka. Na binti akakaa kando yake, akaingia hapohapo mama alipofika, wakapanda pamoja. Kule chini dume likaitikia hivyohivyo na maumivu yake. Wakaimba, wakapumzika, wakaimba tena. Majirani wakaacha matunda, wakatazama, kisha wakaondoka mmojammoja kurudi kwao. Mama Ghati, nililia. Wamenicheka, lakini nililia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Sioi. Najua wewe mkwe huwezi kumkabili baba kwa jambo kama hili, na sikutumi. Nimemwandikia mwenyewe kwa heshima zote, na nimemwomba baba mdogo Marwa aongee naye, ili ng'ombe wabaki zizini na yule binti wa watu aolewe na mwanamume aliye karibu. Baba atakasirika. Atasema nimeharibikiwa ugenini. Ukiona amekununia, vumilia, hasira ile ni yangu, nitaibeba nikirudi. Ghati na Robi waende shule wote wawili, jembe la shamba la kijiji lisiwe sababu.

Nami nataka kitu kutoka kwako. Usiniandikie tena kwamba huna neno. Niandikie hata matusi.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa yake ya kifua naitafuta. Baba na mama wape shikamoo yangu hata kama siku hiyo hawataki kuipokea. Dada yangu Nyangi mwambie asante kwa kukupalilia mtama. Robi mshike shavu.

Ni mimi,
Mwita, mume wa nyumba moja.