Vidole vya Baba

Sonoma, California
3 Oktoba

Mdogo wangu Fermín,

Ratiba yako ya likizo imefika: siku mbili kwenye mashamba ya mizabibu, kisha gari mpaka milima ya Sierra, wewe na wakwe zako. Sisi hatujambo. Zabibu za mwisho tumezivuna juzi.

Nilifurahi mpaka niliposikia ulichomwambia Baba kwenye simu: "Wakwe zangu wakikuuliza, Baba, sema wewe ni mfanyabiashara wa mvinyo." Miaka thelathini anachuma zabibu, Fermín, na ndizo zilizokusomesha. Unaona aibu ya nini?

Yeye hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Leo asubuhi nimemkuta jikoni akisugua vidole kwa limau na chumvi ili weusi wa zabibu utoke. Ngozi imechubuka.

"Wageni wa mwanangu wasije wakaona," akasema.

Nimemfunga kitambaa, nikamwambia hatamdanganya mtu. "Basi nitawaonyesha namna ya kukata kishada cha zabibu," akasema.

Kwa hiyo Jumamosi mkifika, naendesha mimi kuwatembeza mashambani, na Baba anakaa mbele. Kama hutaki, wapeleke wakwe zako milimani moja kwa moja.

Dada yako asiyekuficha neno,
Ofelia