Ndege Haipiti Makambako

Songea,
9 Juni 1995

Kwako binti yangu Devota,

Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu ulipoolewa na huyo bwana wa Tunduru niliyemkataa, mkahamia Makambako. Huku baridi imeanza na mahindi tumeshavuna. Mjomba wako Sixbert, tangu biashara zifunguliwe, ana Toyota iliyotoka Dubai. Anapiga honi hata akiona kuku.

Mama yako moyo unamsumbua. Daktari wa Peramiho anasema lazima akapasuliwe Nairobi. Wamisionari wametupa nafasi kwenye ndege yao ndogo, bure, lakini mama yako ameikataa. Anataka gari la Sixbert. Daktari akamwonya kwamba njia ni ndefu na moyo umechoka. Akajibu kwamba anaogopa ndege. Mama yako huyo, aliyepanda paa la kanisa kugongelea bati wakati wanaume tumesimama chini!

Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Jana nikamkuta anapanga begi lake la hospitali. Chini kabisa ameweka soksi ndogo za mtoto wako, alizofuma mwenyewe. Nikalifunga begi, nikamwendea Sixbert kuomba gari. Ndege haipiti kwenu Makambako.

Tutapita Jumatano mchana. Simama na mtoto pale njia panda, kwenye kituo cha mafuta. Usimwambie mama yako kwamba nimekuandikia. Mimi sitashuka, nitabaki garini kulinda mizigo.

Ila kioo cha upande wangu nitakuwa nimekishusha.

Baba yako,
Pankrasi