Alichosema Daktari Kuhusu Pua Yangu

3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima, ila bibi magoti yanamsumbua kidogo. Vipi wewe na kupaka rangi maghorofa? Kamba bado imara?

Baba, nina la kuungama, na kwenye simu ningelia. Kile kivimbe kando ya pua hakijaisha. Kimekua mpaka kimeinua tundu la kushoto. Darasani wananiita Nusu Pua, siku hizi sinyooshi mkono hata jibu nikilijua. Bibi alinipeleka kwa daktari. Daktari anaongea lugha ya shuleni tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Akaeleza kuwa ni mfuko wa majimaji ndani ya nyama, huwapata watu wachache, si saratani, ila utolewe kwa upasuaji kabla haujaingia usaha. Mimi nikamwambia bibi, "Anasema kitaisha chenyewe." Bibi akamshukuru kwa mikono miwili.

Niliogopa kisu usoni. Nimepangiwa tarehe thelathini mwezi huu, na bibi hajui.

Usinichukie.

Binti yako


12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kamba imara, aliyelegea ni mimi. Nimesoma barua yako kazini, nikapaka rangi kioo cha watu.

Sikuchukii. Methali sikutupii, bibi yako anazo za kutosha. Lakini uliuliza kisu kinapita wapi? Rudi ukaulize. Na bibi umwambie mwenyewe, maana ndiye atakayetia sahihi. Nakupa mpaka Jumapili, kisha nampigia.

Baba yako


4 Juni

Baba,

Shikamoo. Uso umevimba kama nimeng'atwa na nyuki, lakini nimepona woga.

Nilimwambia bibi Jumamosi, anachambua mchele. Hata kichwa hakuinua. "Nilijua. Mtu haongei robo saa nzima kusema kitaisha chenyewe. Nilikuwa nakusubiri uchoke."

Tukarudi. Kumbe kisu kinapita ndani, juu ya ufizi, na usoni hakibaki kovu. Nilikonda bure. Bibi akamtaka daktari amchoree, eti picha haihitaji mkalimani. Daktari akachora huku anacheka.

Kimetoka kizima, kama zabibu. Daktari anasema mdomo utakuwa na ganzi kwa muda, na kivimbe mara chache sana hurudi. Nilimtafsiria bibi neno kwa neno.

"Yote hayo?"

"Yote."

"Na lile alilosema huku anacheka, siku ya picha?"

"Alisema nina bibi mwerevu."

"Hilo umeongeza."

Sikuongeza, Baba.

Binti yako