Kila Nyumba Kitabu Chake

Mama,

Nyumba yako imefunguliwa. Tangu tukuzike mwezi wa nne ufunguo ulikaa kwa Baba Mdogo, naye hakutaka mchezo: "Hakuna kitu inatoka hapa mpaka familia ikae." Sikugombana naye. Ni desturi yetu, vitu vya marehemu havisogezwi kabla ya kugawanywa. Lakini shule zilikuwa zimefungwa, Mama, na kisanduku chako cha vitabu kilikuwa humo ndani.

Siku ya kwanza ya likizo watoto walikuja barazani kwako kama kawaida, wakakuta nimemwaga njugu kwenye mkeka. Wakakaa, wakingoja utaratibu wako: wote wanabambua njugu, isipokuwa anayesoma. Ulijua ulichokuwa ukifanya. Mtoto alikuwa radhi asome hadithi nzima, pamoja na anwani ya mpiga chapa, ili vidole vyake vipumzike. Ukisikia mtu anavuta maneno makusudi, unamwambia, "Wewe, soma, usitafune." Nikajikuta naingoja hiyo sauti. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Baada ya siku chache hawakuja tena. Watoto wakubwa walianza kutaja machimbo ya Osiri, kwamba ukienda kuosha mchanga wa dhahabu unarudi na viatu vipya. Apiyo naye, yule wa jirani uliyemfundisha kuunganisha herufi Desemba, shangazi yake alikuwa ameshamfungia nguo, ampeleke huko akamshikie mtoto. Nilimwita anisomee maandishi ya gunia la mbolea. Alisoma silabi mbili, akakwama, akaangalia chini. Niliogopa, Mama. Kazi yako yote kwa mtoto huyu ilikuwa inapotea nikitazama, na sikuwa na cha kumpa.

Ndipo familia ikakaa. Sufuria zilienda huku, leso kule. Kilipotolewa kisanduku, niliomba kibaki kizima, kiwe cha watoto. Baba Mdogo akatikisa kichwa. "Kila nyumba ipate yake. Sitaki maneno kesho." Vitabu vikagawanywa kimoja kimoja kama nyama. Watu wakavifunga kwa nailoni, wakaviweka juu ya kabati, eti ukumbusho. Nilikasirika. Nilikukasirikia hata wewe, kwa kufa.

Asubuhi iliyofuata, kabla shangazi yake hajaondoka, Apiyo alienda kwa Baba Mdogo, wenzake wakimfuata nyuma, akapiga hodi. "Tumekuja kusoma kitabu cha Dani." Unajua wote walikuita Dani, nyanya yao. Nasikia mzee alitaka kuwafukuza, lakini atamfukuzaje mtu aliyekuja kwa ajili ya marehemu? Akatandika mkeka. Akatoa na njugu zake.

Sasa wanazunguka. Leo nyumba hii, kesho ile, na wenye nyumba wanagombania zamu kwa sababu njugu zao zinabambuliwa bure. Baba Mdogo amekuwa mkali kuliko wewe. Amemwambia shangazi yake Apiyo kwamba mtoto haendi popote mpaka amalize hadithi, na kila wakirudi kwake anasahau kusudi walipoishia, wanaanza upya. Shangazi amechoka kungoja, ameenda Osiri peke yake.

Jana zamu ilikuwa yangu, hapa barazani kwako. Mimi nilipewa kile cha mwisho ulichokuwa ukisoma nao, na sikuwa nimethubutu kukifungua. Apiyo alikifungua yeye. Akaweka kidole kwenye mstari, akaanza, polepole, na wenzake wakaacha kubambua wamsikilize. Sikumsaidia hata kidogo. Karibu na mwisho wa ukurasa alikwama kwenye neno moja refu. Akageuka kukitazama kiti chako. Nami nikakitazama. Kisha akarudisha kidole mwanzo wa neno na kujaribu tena, mwenyewe.

Mama, kesho narudi Migori kwenye mitumba yangu. Desemba nitafunga kibanda mapema, shule zikifungwa wanikute hapa, mlango wazi. Nimekuahidi, na Apiyo nimemwahidi.

Oriti, Mama, kwaheri. Pumzika bila wasiwasi. Lile neno alilipata.

Binti yako